Escoffier: Mpishi aliyewapatia wakulima soko, akaponzwa na kamisheni

UKITAKA kujua uchungu wa mkulima wa mbogamboga, nenda kwenye gulio jua linapokaribia kuzama. Hapa Nkololo, wilayani Bariadi, pamba ikishavunwa inaweza kukaa ghalani ikimsubiri mnunuzi. Nyanya haisubiri. Tenga lililoanza asubuhi kwa bei nzuri hutolewa jioni kwa bei ya kutupa, kwa sababu mwenye nyanya anajua kwamba akirudi nazo nyumbani atakuwa amebeba hasara kichwani.

Katika gulio hilo hilo yupo mnunuzi ambaye sisi watu wa uchumi wa kilimo mara nyingi tunamsahau. Huyo ni mama lishe. Hanunui kwa tani, lakini ananunua kila siku inayokwenda kwa Mungu: nyanya, vitunguu, mchele, maharage, dagaa, kuku. Jiko lake ni soko dogo lisilofungwa.

Kule Ufaransa mgahawa mdogo wa mtaani, ambao mpishi wake anawafahamu wateja kwa sura na kwa majina, huitwa bistro. Ukiondoa vitambaa vya mezani na mvinyo, kazi yake haiko mbali na ya mama lishe: kununua vizuri, kupika kwa wakati na kuuza chakula kabla hakijapoa.

Makala haya yanasimulia maisha ya Mfaransa aliyeanzia katika mgahawa wa familia akawa mpishi mashuhuri kuliko wote wa zama zake, Auguste Escoffier. Msomaji anaweza kujiuliza mpishi anatafuta nini katika kurasa za biashara na kilimo. Jibu ni kwamba maamuzi ya jikoni kwake yalifika hadi shambani, mengine kwa faida ya mkulima na mengine kwa hasara yake.

Mtoto wa mhunzi

Escoffier alizaliwa Oktoba 28, 1846, katika kijiji cha Villeneuve-Loubet, karibu na mji wa Nice, kusini mwa Ufaransa. Baba yake alikuwa mhunzi. Kijana mwenyewe alipenda kuchora na kuchonga, na ndoto yake ilikuwa awe mchongaji wa sanamu. Lakini nyumba ya mhunzi haikuwa na fedha za kulea ndoto kama hiyo.

Mwaka 1859, akiwa na umri wa miaka 13, alitolewa shule na kupelekwa Nice kwa baba yake mdogo, aliyekuwa na mgahawa. Udugu haukumpunguzia kazi. Alianza chini kabisa, kwa kazi ambazo kila mtoto aliyewahi kulelewa na ndugu wa mjini anazifahamu: kusafisha, kubeba, kumenya, kutumwa.

Majiko ya wakati ule yalitumia kuni na makaa, na jikoni kulikuwa na moshi na joto la kuunguza. Escoffier alikuwa mfupi. Inasimuliwa kwamba alivaa viatu vyenye visigino virefu ili uso wake uwe mbali kidogo na moto. Aliyaona pia mambo ambayo baadaye alikuja kuyapiga vita: wapishi walevi, matusi, kelele na vipigo kwa wanagenzi.

Akiwa bado Nice alijifunza kununua. Mpishi asiyejua kuchagua samaki sokoni, au asiyejua mboga ya jana na ya leo, hupika hasara hata kama mkono wake ni mtamu. Elimu hiyo ndiyo iliyompeleka Paris mwaka 1865, alipopata kazi katika mgahawa wa watu wenye uwezo uliojulikana kama Le Petit Moulin Rouge.

Vita na banda la kuku

Mwaka 1870 Ufaransa iliingia vitani dhidi ya Prussia na washirika wake wa Kijerumani. Escoffier aliitwa jeshini akawa mpishi wa maofisa katika jeshi lililokuwa mji wa Metz. Adui aliuzunguka mji huo kwa zaidi ya miezi miwili. Chakula kikaadimika, na wanajeshi wakaanza kula farasi wao.

Hapa tunamwona Escoffier akifanya jambo ambalo bwana shamba yeyote angelipongeza. Kabla njaa haijabisha hodi, alikusanya mifugo midogo katika uwanja aliopewa: kuku, mabata, bata mzinga, sungura, nguruwe, kondoo na mbuzi wa kumpatia maziwa. Wengine walipokuwa wamefikia mwisho, meza aliyoihudumia bado ilipata mayai na nyama kidogo kidogo. Metz ilisalimu amri mwishoni mwa Oktoba 1870, naye akachukuliwa mateka pamoja na jeshi zima.

Vita vile vilimwachia somo la kudumu. Aliona kwamba chakula kinaweza kuwa kingi mwezi huu na kikakosekana kabisa mwezi ujao, na kwamba anayejua kuhifadhi ndiye anayekula. Tangu hapo alianza kuufuatilia kwa karibu ufundi wa kuhifadhi chakula katika makopo, ufundi ambao Mfaransa mwenzake, Nicolas Appert, aliutangaza mwaka 1810.

Baada ya vita alirejea Paris akawa mkuu wa jiko alilokuwa ameliacha. Kabla ya mwaka 1878 alifungua mgahawa wake mwenyewe katika mji wa Cannes, ulioitwa Le Faisan d'Or. Alimwoa Delphine Daffis, binti wa mchapishaji wa vitabu, wakajaliwa watoto watatu.

Hoteli kubwa

Mwaka 1884 alikwenda Monte Carlo kuongoza jiko la Grand Hotel. Huko alifanya kazi na meneja Mswisi, César Ritz, mtoto wa kijijini kama yeye. Ritz alijua mgeni anataka nini kabla hajasema; Escoffier alijua kukipika. Majira ya baridi walikuwa Monte Carlo, na majira ya joto walihamia hoteli nyingine mjini Lucerne, Uswisi.

Mwaka 1890 wawili hao walichukuliwa na hoteli ya Savoy jijini London, iliyokuwa imefunguliwa mwaka uliotangulia. London ndiyo iliyokuwa na fedha za dunia wakati ule. Matajiri, wana wa wafalme na waimbaji walikuja kula Savoy, na wanawake wa heshima, ambao awali hawakuzoea kula hadharani, nao wakaanza kuja. Kwa mwimbaji wa opera kutoka Australia, Nellie Melba, Escoffier alitengeneza kitindamlo cha pichi na aiskrimu ambacho mpaka leo kina jina la mwimbaji huyo.

Mageuzi yake makubwa, hata hivyo, yalikuwa nyuma ya mlango wa jikoni. Zamani fundi mmoja alishika chakula kimoja tangu mwanzo hadi mwisho, na mgeni akasubiri. Escoffier aligawa kazi. Kikosi kimoja kilishughulika na mchuzi, kingine nyama za kuchoma, kingine samaki, kingine mboga na kingine vitu vitamu. Sahani moja ilipita katika mikono kadhaa na kumfikia mgeni ikiwa bado ya moto. Chakula kilichomchukua mtu mmoja robo saa kikawa cha dakika chache.

Alipiga marufuku pombe na matusi jikoni. Badala ya bia aliwawekea wapishi kinywaji cha shayiri cha kupoza kiu. Aliwataka wavae nadhifu wakiwa kazini na hata wakiwa mtaani, kwa sababu aliamini kwamba upishi ni kazi ya heshima kama nyingine. Utaratibu huo wa kugawa kazi ndio unaofuatwa hadi leo katika hoteli kubwa, za Dar es Salaam na Arusha zikiwamo.

Jiko lafika shambani

Jiko kubwa linahitaji mali ya aina moja, kwa wingi, kila siku. Hapo ndipo Escoffier alipokutana na wakulima.

Waingereza walipenda machipukizi ya asparaga yakiwa membamba na ya kijani. Wakulima wa Lauris, kusini mwa Ufaransa, walizoea kuzalisha ya rangi nyeupe. Tofauti hiyo haitokani na muujiza wowote. Chipukizi likifukiwa kwa tuta la udongo halipati mwanga, hivyo hubaki jeupe. Likiachwa lichomoze juani huwa la kijani. Escoffier aliwashawishi wakulima hao wabadili namna ya kulima ili wauze London. Ardhi ilibaki ile ile, ila sasa walikuwa na taarifa za soko na mnunuzi wa uhakika.

Jambo la pili lilikuwa nyanya. Ulaya wakati wa baridi nyanya za shambani hakuna, na wapishi walihifadhi mchuzi wake katika chupa. Escoffier alitaka nyanya zilizomenywa na kupondwa, zihifadhiwe katika makopo wakati wa mavuno. Kwa miaka mingi wenye viwanda hawakumsikiliza, kwani hawakuona nani angenunua. Hatimaye kiwanda kimoja kilikubali kumtengenezea makopo 2,000 kwa ajili ya Savoy. Yaliisha. Baada ya hapo viwanda vingine vikafuata, na leo kopo la nyanya linakutwa hata katika duka la kijijini.

Tuangalie hesabu ya jambo hilo. Kiwanda hakikukosa mashine wala nyanya. Kilikosa mtu wa kusema kwamba mzigo huu nitauchukua. Agizo la jiko moja ndilo lililoondoa hofu ya mwekezaji. Nyanya ambazo zingeshusha bei ya soko wakati wa mavuno zikapata pa kwenda.

Hakupenda pia kutupa. Matajiri wa Savoy walipokula vifua vya kware, miguu ilibaki. Escoffier aliihifadhi vizuri, na masista wa shirika la Little Sisters of the Poor wakaipata kwa ajili ya wazee maskini waliowalea. Mwaka 1910 aliandika kijitabu chenye mapendekezo ya mfuko wa kusaidiana ili kuondoa ufukara, hasa kwa wazee wasioweza tena kufanya kazi.

Kuanguka kwake

Kama simulizi lingeishia hapo tungekuwa na shujaa asiye na doa. Lakini Machi 1898 uongozi wa Savoy uliwafukuza kazi Ritz na Escoffier kwa siku moja. Uchunguzi ulikuwa umeonyesha kwamba mvinyo na vinywaji vikali vya thamani ya zaidi ya paundi 3,400 havikuwa na maelezo ya kuridhisha. Upande wa jiko nako kukakutwa mengine.

Escoffier alikuwa akipokea kamisheni kutoka kwa waliouzia hoteli vyakula, hadi asilimia tano ya manunuzi. Wauzaji nao walijirudishia fedha zao kwa kuleta mzigo pungufu kuliko ulioandikwa kwenye ankara. Mwaka 1900 alikiri kwa maandishi. Deni lilihesabiwa kuwa zaidi ya paundi 8,000, lakini aliruhusiwa kulipa paundi 500 tu. Maandishi hayo yalifichwa. Dunia iliendelea kumsifu, na ilichukua zaidi ya miaka 80 kwa ukweli huo kujulikana hadharani.

Kwetu Tanzania habari hiyo haihitaji mkalimani. Tunaijua kwa majina mengi: chai, takrima, asilimia kumi. Wapo wanaomtetea Escoffier kwa kusema kwamba kupokea chochote kutoka kwa wauzaji kulikuwa jambo la kawaida kwa wapishi wakuu wa wakati ule. Huenda ni kweli. Lakini jambo kuwa la kawaida hakubadili swali la msingi: nani analipa?

Tuchukue mfano wetu wenyewe. Mnunuzi wa hoteli anaagiza nyanya za shilingi 100,000 na kudai 5,000 yake. Msambazaji hatoi fedha hiyo mfukoni mwake. Ana njia mbili tu. Ama anampunja mwenye hoteli kwa kupunguza mzigo, kama walivyofanya wale wa London, ama anarudi kijijini na kumkamua mkulima, kwa bei ndogo, kwa lumbesa au kwa mzani uliochezewa. Kwa kuwa mwenye hoteli ana mhasibu na mkulima hana, mara nyingi mzigo huo huangukia shambani.

Mkulima wa pamba wa Simiyu anaelewa vizuri jambo hili. Amelima zao linaloongoza mkoani kwake, tangu Bariadi ilipokuwa chini ya Shinyanga hadi Simiyu ilipokuwa mkoa kamili mwaka 2012. Anajua kwamba bei nzuri iliyotangazwa redioni inaweza kuyeyuka yote kwenye sahani ya mzani. Kilo mbili zilizoibwa katika kila gunia ni kodi isiyo na stakabadhi.

Kitabu na miaka ya mwisho

Kufukuzwa hakukumaliza kazi yake. Mwaka huo huo wa 1898 Ritz alifungua hoteli yenye jina lake jijini Paris, na Escoffier akapanga jiko. Mwaka 1899 walirudi London katika hoteli ya Carlton, iliyogeuka mshindani mkubwa wa Savoy. Ritz aliugua mwaka 1902 na hakurudi tena katika nguvu zake. Escoffier aliendelea peke yake hadi alipostaafu mwaka 1920.

Mwaka 1903 alitoa kitabu kiitwacho Le Guide Culinaire, chenye maelekezo ya vyakula zaidi ya 5,000. Kitabu hicho kiliweka vipimo na majina ya vyakula katika utaratibu mmoja, hata mpishi wa nchi nyingine aweze kupika chakula kile kile. Kwa lugha ya biashara, aliweka viwango. Penye viwango, mnunuzi anaweza kuagiza bila kuona na mkulima anaweza kulima akijua anachotakiwa kuleta.

Jina lake liliwekwa pia kwenye sosi za chupa zilizouzwa Uingereza. Hata hivyo, umaarufu haukumfanya tajiri. Mwanawe mmoja, Daniel, aliuawa mwaka 1914 katika Vita Kuu ya Kwanza, na mzee akabeba jukumu la kusaidia wajukuu. Katika kipindi hicho cha vita alichangisha fedha kwa ajili ya familia za wapishi waliokwenda vitani. Serikali ya Ufaransa ilimpa nishani ya Legion of Honour, na mwaka 1928 akapandishwa daraja.

Alifariki dunia mjini Monte Carlo Februari 12, 1935, akiwa na umri wa miaka 88, siku chache tu baada ya mkewe Delphine kutangulia. Nyumba aliyozaliwa Villeneuve-Loubet iligeuzwa makumbusho ya upishi mwaka 1966.

Tunajifunza nini Nkololo?

Kwanza, suala la kuhifadhi si geni kwetu. Akina mama wa Kisukuma walikuwa wakikata viazi vitamu na kuvianika kupata michembe, au kuvichemsha na kuvikausha kupata matobolwa, bila kumsubiri mtaalamu yeyote kutoka nje. Ujuzi upo. Kinachopungua ni kile alichokifanya Escoffier kwa nyanya: mnunuzi anayeahidi mapema, kwa kiasi kinachojulikana, kwamba atachukua.

Pili, majiko yapo. Shule za bweni, hospitali, migahawa ya mjini Bariadi na akina mama lishe wa magulio hupika kila siku. Kikundi cha wakulima kumi wenye nyanya, vitunguu au choroko kikikubaliana na majiko machache kuhusu siku, kiasi na ubora, kitakuwa na uhakika ambao mkulima mmoja mmoja hawezi kuupata gulioni. Kianze kidogo. Makopo ya Escoffier yalianza 2,000.

Tatu, na hili ndilo zito, makubaliano hayo yasipite mfukoni mwa mtu. Mzigo upimwe mbele ya pande zote mbili kwa mzani uliokaguliwa na Wakala wa Vipimo, lumbesa ikataliwe, bei iandikwe, na malipo yaende kwa kikundi kwa stakabadhi. Mnunuzi wa shule au hoteli anayeomba chochote ajulikane tangu siku ya kwanza kuwa anaomba kutoka kwenye tenga la mkulima.

Escoffier alikuwa hodari kuliko wapishi wote wa wakati wake, na uhodari huo haukumzuia kuchukua asilimia tano. Kwa hiyo kikundi kisitegemee wema wa mnunuzi. Kitegemee mzani na daftari, na daftari hilo lisomwe kila mwezi mbele ya wanachama wote.